Tarakilishi Haikumaliza Fumbo la Drafti ya Besiboli, Ilishusha tu Bei ya Vijana

Ukikaa na watu wa programu na mazungumzo yakaingia michezoni, hukosi mmoja wa kusema: "Besiboli ilishamalizwa na tarakilishi." Ameona Moneyball, ile filamu ya 2011 iliyotokana na kitabu cha Michael Lewis cha 2003. Amemwona kijana mwenye kipakatalishi akiwashinda wazee waliozoea kupima wachezaji kwa macho. Kesi imefungwa: hesabu ilishinda, ubashiri ukashindwa, sisi wa programu tupigiwe makofi.

Mimi naandika programu kwa riziki yangu na nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, kwa hivyo hadithi hiyo ingenifurahisha sana kama ingekuwa kweli. Lakini ni nusu tu ya kweli. Tarakilishi haijawahi kujua kwa uhakika ni kijana yupi wa miaka 18 atakuwa nyota. Ilichojua vizuri, tena upesi, ni kijana yupi anaweza kukubali pesa kidogo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na leo nataka tuyatenganishe.

Drafti ni nini hasa?

Kwa asiyeufahamu mchezo huu (na hapa kwetu ni wengi, sisi ni watu wa kandanda, raga na kriketi), twende polepole. Drafti ni siku ambapo timu 30 za ligi kuu ya besiboli huko Marekani hugawana vijana wanaotoka shule za upili na vyuo. Timu dhaifu ndizo huchagua mapema. Tangu drafti ya 2023, nafasi sita za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu ili timu zisishindwe makusudi. Raundi zilikuwa 40 mwaka 2019, zikawa 5 mwaka 2020 wa korona, na tangu 2021 ni 20.

Timu ikishakuchagua, ni hiyo tu unaweza kuzungumza nayo. Hakuna nyingine. Usipoipenda bei yake, unarudi chuoni (kama bado unaweza) na kungoja drafti nyingine.

Mbona mfumo huu ulianza? Watakuambia ni kwa ajili ya usawa kati ya timu. Sawa, lakini tazama tarehe. Mwaka 1964 vijana walikuwa huru kusaini popote, na Angels wakamlipa Rick Reichardt bonasi ya dola 205,000. Wenye timu wakashika vichwa. Mwaka uliofuata, 1965, drafti ya kwanza ikafanyika, na kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Rick Monday, akasaini na Athletics kwa kama nusu ya pesa hizo. Mwaka mmoja tu! Vipaji havikupungua ndani ya miezi kumi na miwili. Kilichopungua ni idadi ya wanunuzi, kutoka wengi hadi mmoja.

Shika jambo hilo, maana kila kitu kingine kinatokana nalo.

Kubashiri mtu ni kazi ngumu

Maskauti hutumia kipimo cha 20 hadi 80. Nambari 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. 80 ni wale wa kuhesabika kwa vidole. Wanapima mbio, nguvu ya mkono, nguvu ya kupiga, uwezo wa kugonga mpira na uwezo wa kudaka. Siku hizi kuna rada zinazopima mpira unazunguka mara ngapi kwa dakika na unatoka kwenye rungu kwa kasi gani. Data ni tele. Mimi mwenyewe ningeipenda kazi ya kuichambua.

Lakini tazama matokeo. Mike Piazza alichaguliwa na Dodgers mwaka 1988 katika raundi ya 62, mtu wa 1,390, na 2016 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Albert Pujols alikuwa wa 402 mwaka 1999, akastaafu akiwa amepiga mipira 703 ya kuvuka uzio. Mike Trout alikuwa wa 25 mwaka 2009. Timu nyingi zilimwona na kumpita.

Upande wa pili, Steve Chilcott alikuwa wa kwanza mwaka 1966 na hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu, ilhali Reggie Jackson alichaguliwa mara tu baada yake. Brien Taylor alikuwa wa kwanza 1991, Yankees wakampa dola milioni 1.55, bega likaharibika katika vurugu nje ya uwanja mwaka 1993, naye hakufika. Mark Appel alikuwa wa kwanza 2013. Alifika ligi kuu 2022, na timu nyingine kabisa, akiwa na miaka 30.

Utasema hayo mengi ni ya enzi za kabla ya data. Basi turudi kwa Moneyball yenyewe. Katika drafti ya 2002, Oakland walimchukua mdakaji Jeremy Brown katika nafasi ya 35 kwa sababu takwimu zake za chuo zilikuwa nzuri na maskauti walichukia umbo lake. Ndiye kijana maarufu zaidi wa kitabu kile. Alicheza mechi 5 za ligi kuu, mwaka 2006, basi. Lakini angalia bonasi yake: dola 350,000, chini sana ya walizopata majirani zake wa drafti ile. Hesabu haikupata nyota pale. Ilipata punguzo.

Sisemi data ni bure. Miaka ya 1980 Bill James alionyesha kwamba vijana waliotoka chuoni walikuwa wakileta faida kuliko waliotoka shule ya upili, wakati timu ziliamini kinyume. Mwaka 2011 Rany Jazayerli akaonyesha kwamba miongoni mwa wapigaji wa shule ya upili, tofauti ya miezi tu ya umri ni jambo kubwa: aliye mdogo kwa miezi kadhaa kuliko wenzake wa darasa moja huelekea kufanya vizuri kuliko timu zilivyodhani. Trout alikuwa na miaka 17 siku alipochaguliwa. Kazi hizo nazivulia kofia.

Lakini maarifa hayafungiwi kabatini. Jambo likishaandikwa, timu zote 30 zinalisoma. Kila moja sasa ina chumba cha wachambuzi na rada zinafanana. Wote wakijua unachojua, faida yako katika kubashiri inakaribia sifuri. Basi ushindani unahamia wapi? Unahamia kwenye bei.

Tatizo la mkoba

Hapa ndipo sisi wa sayansi ya tarakilishi tunaingia. Kuanzia drafti ya 2012, kila nafasi katika raundi kumi za kwanza ina bei yake iliyopangwa na ligi. Jumla ya bei za nafasi zako ndiyo kapu lako la bonasi. Unaweza kumlipa mmoja chini ya bei ya nafasi yake na mwingine juu, mradi kapu lisifurike. Likifurika hadi asilimia 5, unalipa faini ya asilimia 75 ya ziada. Ukivuka asilimia 5, unapoteza chaguo lako la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata. Ukizidi hapo, unapoteza zaidi. Ndiyo maana kila mwaka timu kadhaa hujaza kapu hadi karibu na ukingo huo wa asilimia 5 na kusimama hapo kama gari lililoona askari wa trafiki.

Ukisoma muundo huo, unakumbuka mara moja darasa la algoriti: ni lile tatizo la mkoba. Una mkoba wenye ukomo, na vitu vyenye thamani na uzito. Jaza upate thamani kubwa zaidi. Na kila mwanafunzi anajua kwamba mbinu ya mlafi, yaani kunyakua kila mara kitu kinachong'aa zaidi, mara nyingi haileti jibu bora.

Houston Astros walilielewa hilo mwaka wa kwanza kabisa. Walikuwa na nafasi ya kwanza 2012, ambayo bei yake ilikuwa dola milioni 7.2. Wakamchukua Carlos Correa kutoka Puerto Rico, aliyekubali milioni 4.8. Zikabaki milioni 2.4. Katika nafasi ya 41 wakamchukua Lance McCullers Jr., ambaye timu nyingine zilimwogopa kwa bei, wakampa milioni 2.5, karibu mara mbili ya bei ya nafasi hiyo. Raundi ya nne wakampa Rio Ruiz milioni 1.85. Correa akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake 2015. McCullers ndiye aliyeanza kurusha katika mechi ya saba ya World Series 2017, waliyoshinda. Ruiz aliuzwa mapema, na katika biashara hiyo wakampata Evan Gattis, aliyekuwa kwenye kikosi hicho cha 2017. (Taji hilo lilikuja kuchafuliwa na kashfa ya kuiba ishara za wapinzani iliyofichuka Novemba 2019, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Kama hesabu, ni nzuri. Sina shida na yeyote anayeisifu. Shida yangu ni kwamba wanaoisifu huishia hapo, kana kwamba zile pesa "zilizookolewa" zilitoka mbinguni. Kila dola inayookolewa katika kapu ni dola ambayo kijana fulani hakulipwa.

Na si wote wanaofanana na Correa, aliyepata milioni zake hata hivyo. Angalia raundi ya sita hadi ya kumi. Huko timu huwachagua vijana wa mwaka wa mwisho chuoni. Kwa nini? Kwa sababu amemaliza chuo. Hana pa kurudi. Hana kitu cha kutishia nacho. Bei ya nafasi yake ni zaidi ya dola laki moja, naye anasaini kwa elfu kumi, elfu tano, wakati mwingine chini ya hapo. Tofauti inapelekwa kwa kijana wa shule ya upili mwenye wakala mkali na barua ya kukubaliwa chuo kikuu. Huyo wa mwaka wa nne hakuchaguliwa kwa mchezo wake. Alichaguliwa kwa unyonge wake. Ni safu katika jedwali inayosema: huyu ataridhika na kidogo.

Ukitaka kuona nguvu ya kuwa na pa kurudi, mtazame Gerrit Cole. Yankees walimchagua wa 28 mwaka 2008. Akakataa, akaenda chuo cha UCLA, na 2011 akawa wa kwanza kabisa: Pittsburgh Pirates, dola milioni 8. Aliweza kusema hapana. Mfumo mzima umejengwa ili wachache iwezekanavyo waweze kusema hivyo.

Kiwiko cha mmoja, mfuko wa mwingine

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2014 Astros walikuwa tena na nafasi ya kwanza, bei yake ikiwa zaidi ya milioni 7.9. Wakamchagua Brady Aiken, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka shule ya upili ya California. Wakaafikiana milioni 6.5. Katika raundi ya tano wakamchagua Jacob Nix, naye wakaafikiana milioni 1.5, pesa ambazo zingetoka katika akiba ya Aiken.

Kisha Aiken akapimwa hospitalini. Timu ikaona jambo katika kano ya kiwiko chake. Ikashusha toleo hadi takriban milioni 3.1. Kwa nini kiasi hicho? Kwa sababu ndiyo asilimia 40 ya bei ya nafasi, kiwango cha chini ambacho timu ilipaswa kutoa ili, kijana akikataa, ifidiwe na chaguo la mwaka unaofuata. Dakika za mwisho ikapanda hadi milioni 5. Julai 18 muda ukaisha, Aiken hajasaini.

Na sheria inasema mchezaji asiposaini, bei ya nafasi yake inaondolewa kwenye kapu. Milioni 7.9 zikayeyuka. Kapu likawa dogo kiasi kwamba kumlipa Nix milioni 1.5 kungeiletea timu adhabu ya kupoteza machaguo. Nix, mwenye mkono mzima, aliyekubaliana bei yake, ambaye hakuwahi kuwa na uhusiano wowote na kiwiko cha Aiken, akakosa pesa zake.

Watetezi wa timu wana jibu, na nalitaja kwa haki: kiwiko kweli kilikuwa kibovu. Machi 2015 kano ilikatika, Aiken akafanyiwa upasuaji, Cleveland wakamchukua wa 17 mwaka huo, na hakufika ligi kuu. Daktari aliona sawa. Nakubali kabisa.

Lakini kuwa sahihi juu ya kiwiko hakujibu swali la nani abebe hasara. Timu ilifidiwa kwa chaguo la pili la drafti ya 2015, ikamchukua Alex Bregman, aliyekuwa nguzo ya kikosi cha ubingwa. Aiken alibaki bila ile milioni 6.5. Nix alilazimika kudai haki yake kupitia malalamiko rasmi, na alichaguliwa upya na Padres mwaka uliofuata. Hatari ilikuwa ya watu watatu, lakini mwavuli ulikuwa mmoja, na aliyeushika ni tajiri.

Katika kazi yetu, ukiandika programu ambayo hitilafu ya sehemu moja inaangusha sehemu nyingine isiyohusiana nayo kabisa, mwenzako atairudisha kwako na maoni mekundu. Atakuambia zitenganishe. Huku wameijenga makusudi, wakaiita usawa.

Wala si ajali ya mara moja. Mwaka 2021 New York Mets walimchagua Kumar Rocker wa 10, wakakubaliana milioni 6, wakatazama mkono wake, wasimpe toleo lolote. Wakafidiwa na chaguo la 11 mwaka 2022. Rocker aliangukia pazuri, Rangers wakamchukua wa 3 mwaka huo kwa milioni 5.2. Lakini ilibidi apoteze mwaka mzima kuthibitisha kwamba ana thamani.

"Lakini timu maskini je?"

Hili ndilo jibu linalonichosha. Eti bila kapu, timu tajiri zingenunua kila kijana.

Tazama rekodi. Kabla ya 2012, nani alitumia pesa kwenye drafti kwa fujo? Ni Pittsburgh Pirates, timu ya mji mdogo iliyokuwa haijapata msimu wa ushindi tangu 1992. Mwaka 2011 walitumia takriban dola milioni 17, rekodi ya wakati huo: milioni 8 kwa Cole na milioni 5 kwa Josh Bell katika raundi ya pili, kijana aliyekuwa ameziandikia timu barua kusema zisimchague kwa kuwa anakwenda chuoni. Mwaka 2013 Pirates wakafika mchujo, Cole akiwa mmoja wa warushaji wao.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mnyonge. Nyota aliyekomaa anagharimu mamia ya milioni, na hapo Pittsburgh haiwezi kushindana na New York. Kijana wa drafti anagharimu milioni chache, na hapo inaweza. Miezi michache baada ya drafti ile, mkataba mpya ukatiwa saini na njia ikafungwa. Na mwaka 2012, Pirates hao hao walipomchagua Mark Appel wa nane, hawakuweza kumpa zaidi ya milioni 3.8 bila kupoteza chaguo la mwaka uliofuata. Appel akarudi Stanford. Kapu lililosemekana kumlinda maskini ndilo lililomfunga mikono.

Ajabu zaidi ni nani aliyetia saini. Mikataba hii hufanywa kati ya wenye timu na chama cha wachezaji. Wanachama ni walio ndani tayari. Kijana wa miaka 18 hana kiti pale. Bei yake ni kitu ambacho wakubwa wawili wanaweza kukubaliana kukikata bila yeyote mezani kuumia.

Na bonasi hiyo si zawadi ndogo ya kukaribishwa. Baada yake unakwenda ligi ndogo kwa miaka, na ukifika ligi kuu unahitaji misimu sita ya huduma ndipo uwe huru. Hadi 2022, mshahara wa chini wa daraja la Single-A ulikuwa dola 11,000 kwa mwaka; ulipanda hadi 26,200 mwaka 2023 baada ya wachezaji hao kujiunga na chama. Kwa wengi, bonasi ndiyo malipo makubwa pekee watakayowahi kuyaona kwenye mchezo huu.

Nifanyeje marekebisho?

Ningepewa mfumo huu niukarabati, ningeanza na haya:

1. Mchezaji asiposaini, bei ya nafasi yake isiondolewe yote kwenye kapu. Angalau wengine waliokwisha kukubaliana walindwe. Hili peke yake lingemwokoa Nix.

2. Vipimo vya afya vifanywe kabla ya kuchagua, na ukishachagua, umechagua. Mkataba wa 2022 uliweka kiraka hapa: kijana aliye kwenye orodha ya juu akikubali kupimwa mapema, lazima apewe angalau asilimia 75 ya bei ya nafasi yake. Ni afadhali, lakini ni kiraka.

3. Kila nafasi ya raundi kumi za kwanza iwe na sakafu, tuseme nusu ya bei yake. Wa mwaka wa nne asigeuzwe kopo la akiba.

4. Adhabu ya kunyang'anya machaguo ifutwe, ibaki faini ya pesa. Pittsburgh ikitaka kutumia pesa zake, iache itumie.

Zamu ya kuchagua kwa timu dhaifu kwanza ibaki. Sina ugomvi nayo.

Kama unajiuliza haya yanatuhusu nini huku Afrika Mashariki, tazama Uganda. Mwaka 2022 Dodgers waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Vijana wa nje ya Marekani, Kanada na Puerto Rico hawapiti kwenye drafti. Wana kapu lao tofauti, lenye ukomo mkali zaidi, na wanaweza kusaini wakiwa na miaka 16. Ligi imekuwa ikitaka nao waingizwe kwenye drafti yao. Mazungumzo yalivunjika Julai 2022. Mkataba uliopo umewekwa kuisha Desemba 1, 2026. Yatakayoandikwa katika mkataba unaofuata yatamgusa kijana wa Lugazi moja kwa moja, naye pia hatakuwa na kiti mezani.

Na yatatugusa sisi wa programu pia, kwa sababu wanaoandika hizo hesabu ni watu wa aina yetu. Ukipewa kazi ya kujaza mkoba, utaujaza vizuri, ndiyo fahari ya kazi. Ila kabla ya kuandika mstari wa kwanza, uliza ile safu ya "uzito" imetoka wapi. Katika drafti ya besiboli, uzito ni kiasi ambacho mtoto wa watu anaweza kukataa. Kumpunguzia uwezo huo kisha kusifiwa kwa kuujaza mkoba sitakuita ujanja, hata ukiniletea kombe.

Unapinga? Karibu. Ila njoo na majina na miaka, usije na filamu.